Kidonge cha Kifua Kikuu Kiyeyukacho Majini

Mtoto wa miaka miwili hajui kumeza kidonge. Akishurutishwa hukitafuna, akionja uchungu hukitema. Wazazi wa Machakos waliowahi kuuguza mtoto mwenye kifua kikuu waijua taabu hiyo, nayo si ya siku moja, kwa kuwa dawa hunywewa kila siku kwa miezi minne au sita, kwa kadiri ya ukali wa ugonjwa.

Zamani ilimpasa mzazi kuvikata vidonge kwa kisu, kuvisaga baina ya vijiko viwili na kuukoroga unga ule katika uji. Ubaya wake haukuwa uchungu tu. Kidonge kikikatwa kwa mkono, kipande kimoja huwa kikubwa kuliko cha pili. Na mtoto akiacha uji kikombeni, nani ajuaye amekunywa dawa kiasi gani? Dawa ikipungua, vijidudu haviangamii, bali huweza kuizoea hata isivishinde tena.

Mwezi wa Oktoba 2016, Kenya ilikuwa nchi ya kwanza duniani kuanza kuvitumia kila mahali vidonge vipya vya watoto. Kidonge cha miezi miwili ya kwanza kina dawa tatu pamoja, rifampisini, isoniazidi na pirazinamidi, tena kina ladha ya matunda. Mtoto wa kilo 4 hadi 7 hupewa kimoja. Wa kilo 8 hadi 11, viwili. Ndiyo sababu hupimwa uzito mara kwa mara: akinenepa, vidonge navyo huongezwa.

Maji yawe safi, na huko Ukambani ambako maji huchotwa mbali, yafaa yaliyochemshwa yawekwe kando kwa kazi hiyo. Vidonge vikisha yeyuka, mtoto anywe papo hapo, zisipite dakika 10. Kisha maji kidogo yatiwe tena kikombeni, naye ayanywe, maana dawa hubaki chini.

Mzee ashindwaye kumeza asiviyeyushe vidonge vyake kwa kufuata mfano huu. Viko vilivyotengenezwa vitoe dawa pole pole mchana kutwa. Vikisagwa, dawa yote huingia mwilini kwa mara moja. Huenda ikawapo dawa ile ile ya maji, lakini daktari hatajua haja hiyo asipoambiwa, na wazee wengi huona haya kusema.