Midoli ya Wodi ya Wazazi: Soko Linaloweza Kufunguliwa Tukuyu

Ikitajwa biashara ya viungo bandia vya kufundishia wapasuaji, wengi huwaza printa za 3D zikitoa moyo wa mgonjwa fulani ili daktari aupange upasuaji wake kabla ya kushika kisu. Kazi hiyo ina heshima yake, lakini inadai picha za CT, programu na mtaalamu wa kuzichambua, na wilaya ya Rungwe, uliko mji wa Tukuyu, haina wagonjwa wa aina hiyo wa kutosha kulipia karakana. Fedha za kwetu ziko chini zaidi, kwenye midoli ya wodi ya wazazi, na hasa kwenye vipuri vyake.

Ushahidi uko katika hospitali ya Haydom, mkoani Manyara. Mwaka 2010 wahudumu walipewa mafunzo ya siku moja ya kumsaidia mtoto mchanga kupumua. Kwenye mdoli walifanya vizuri. Kwa watoto wenyewe mambo hayakubadilika. Mazoezi mafupi ya mara kwa mara yalipohamishiwa wodini, vifo vya saa 24 za kwanza vilishuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000. Mfanyabiashara aisome habari hiyo kwa jicho lake: mdoli ukitumika kila wiki, unachakaa. Mdoli wa kichanga uitwao NeoNatalie hujazwa maji ya uvuguvugu mpaka ulegee kama kichanga asiyepumua; mkufunzi akifinya balbu moja kitovu kinadunda, akifinya nyingine kifua kinapanda. Balbu hupasuka, mishono huvuja, damu bandia ya mazoezi ya kuhudumia kina mama wanaovuja damu huisha. Hospitali za Rungwe kama Makandana au Igogwe hazihitaji kiwanda. Zinahitaji mtu wa karibu wa kuziba, kushona na kujaza upya.

Kuna watakaosema midoli huja kwa msaada, bure. Huja kweli, ila nadra msaada ukaleta balbu ya mwaka wa tatu. Pingamizi zito zaidi ni ubora: mdoli mwepesi mno au kifua kigumu humzoesha mkunga mkono usio sahihi, na kosa hilo atalihamishia kwa mtoto. Kwa hiyo uzito na ulaini vipimwe na wakunga wazoefu kabla ya kuuza chochote. Ufundi wenyewe haututishi. Kampuni ya Laerdal ya Norwei, inayotengeneza NeoNatalie, ilikuwa ikiuza wanasesere na magari ya plastiki ya watoto kabla ya kutoa Resusci Anne, mdoli wa kufundishia uokoaji wa maisha, mwaka 1960. Fundi cherehani wa Tukuyu akishirikiana na vijana wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya anaweza kuanza na ngozi bandia ya kujifunzia kushona majeraha, bidhaa rahisi inayoisha haraka. Mtaji upo kwenye asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, inayokopeshwa vikundi vya wanawake, vijana na wenye ulemavu. Kigumu ni kuuza: hospitali ya serikali hununua kupitia NeST, mfumo wa kielektroniki wa ununuzi wa umma, na kikundi kisichosajiliwa humo kitabaki na ngozi zake dukani.