JE, RAIA ANAWEZA KUWA NA BUNDUKI?



Kuna mabishano ambayo hayaishi wakati wa mapumziko. Mmoja anauliza: «Mwizi akikuja usiku na bunduki, papa atamungojea na nini?» Wa pili anajibu: «Sheria inakataza raia kuwa na bunduki.» Wa tatu anacheka: «Sheria gani? Wenye kubeba bunduki banaijua?» Wote watatu wamesema jambo lenye maana, lakini hakuna aliyeisoma sheria yenyewe. Basi kusudi tusibishane bure, tutaeleza hapa sheria inasema nini, mambo haya yalitoka wapi, na bunduki inafanya nini katika muji kama Goma.

1. SHERIA INASEMA NINI

Jibu fupi ni hili: raia anaweza, lakini kwa ruhusa tu. Sheria kubwa ya inchi yetu juu ya silaha na risasi ni Ordonansi-sheria namba 85-035 ya tarehe 3 Septemba 1985. Neno lake la msingi ni permi. Chukudu unainunua, unaisukuma mpaka nyumbani, shauri limekwisha. Bunduki haiko vile. Mtu anaomba permi kwanza, na permi ile ni ya mtu mwenyewe. Mwenye permi hawezi kumuazima shemeji yake bunduki kwa siku mbili, wala kumwachia kijana wake.

Tena silaha haziko namna moja. Silaha za vita ni za jeshi na polisi. Kalashnikov haiko silaha ya raia, hata akiwa tajiri namna gani. Raia anaweza kuomba permi kwa silaha ya kuwinda, ya mchezo wa kulenga shabaha, ao ya kujikinga. Na mwindaji anahitaji karatasi mbili: permi ya bunduki, na permi ya kuwinda kufuatana na sheria ya tarehe 28 Mei 1982. Karatasi hizo zote mbili hazimpi ruhusa ya kuwinda ndani ya Parke ya Virunga.

Wengine hawajui jambo hili: tangu sheria za tarehe 18 Novemba 2002, raia anayefanya kosa kwa silaha ya vita anaweza kuhukumiwa na korti ya jeshi, sawa na askari. Kijana anayefikiri kama yeye ni «sivili tu» anaweza kujikuta mbele ya majaji wenye uniforme.

Inchi yetu haiko peke yake. Tarehe 21 Aprili 2004, pale Nairobi, inchi za Maziwa Makubwa na Pembe ya Afrika ziliweka mkono kwenye mapatano juu ya silaha ndogo. Mapatano yale yanataka raia wakatazwe kabisa kuwa na bunduki za kufyatua mfululizo, na yanataka kila silaha itiwe alama na namba. Namba ni ya nini? Ni kusudi silaha ikikutwa mahali pabaya, watu waulize: hii ilikuwa ya nani, na nani aliiacha itoke? Tushike neno hili, tutalirudilia: kila bunduki lazima iwe na mtu wa kujibu juu yake.

Kwingine wanafikiri namna nyingine. Marekani, tangu mwaka 1791, katiba inahesabu kuwa na silaha kama haki ya raia. Uingereza, baada ya mtu mmoja kuua watoto 16 na mwalimu wao katika shule ya Dunblane mwaka 1996, ilikataza raia karibu wote kuwa na bastola. Na mtu yule alikuwa na silaha zake kwa permi. Basi karatasi peke yake haitoshi.

2. MAMBO HAYA YALITOKA WAPI

Sheria za kukataza bunduki hazikuanza kwa kutafuta amani peke yake. Tarehe 2 Julai 1890, kule Bruxelles, mataifa 17, na Zanzibar kati yao, yaliweka mkono kwenye mapatano ya kukomesha biashara ya watumwa. Ndani yake walikataza kuingiza silaha za moto kati ya digrii 20 kaskazini na digrii 22 kusini ya ikweta. Waliacha mlango mmoja mdogo: bunduki za gumegume, zile zinazowashwa kwa cheche za jiwe, zenye mtutu usiochongwa mistari ndani, pamoja na baruti ya kawaida.

Sababu moja ilikuwa ya kweli. Wakamata watumwa walimaliza vijiji vya Maniema kwa bunduki. Lakini angalia matokeo. Askari wa Leopold walikuwa na bunduki nzuri za Albini, na mwenyeji aliachiwa bunduki ya jiwe, ile ya kupakia mpaka jasho litoke. Halafu wakamdai mpira wa porini. Nani angebisha?

Tusome 1 Samweli sura ya 13, tangu mstari wa 19. Wafilisti hawakuruhusu Waebrania kuwa na mhunzi hata mmoja, kusudi wasijifanyie panga na mikuki. Mkulima wa Israeli alilazimika kushuka kwa adui yake kunoa hata jembe. Ile pia ilikuwa «sheria ya silaha», lakini ilifunga upande mmoja tu.

Hapo rafiki yetu wa tatu, yule aliyecheka, ana haki kidogo. Sheria ya silaha inayomfunga dhaifu na kumwacha mwenye nguvu ni sheria ya Wafilisti. Sheria ya haki inamuuliza raia: permi yako iko wapi? Nayo inamuuliza askari: risasi ulizopewa ziko wapi? Lakini kama sheria haifuatwi na wakubwa, dawa yake si kuongeza bunduki zisizokuwa na mtu wa kujibu. Tulikwisha kuona matunda ya dawa hiyo. Mwezi wa Julai 1994, wakati watu wengi sana walivuka mpaka kutoka Rwanda, waaskari walioshindwa walivuka pamoja nao. Silaha zingine ziliachwa pale mpakani kwa marundo, lakini nyingi ziliingia. Nani alijibu juu ya zile?

Hata wanyama walilipa. Katika miaka ya 1970 viboko wa Virunga walihesabiwa karibu 29,000. Mwaka 2005 walikuwa wamebaki chini ya 1,000. Waliuawa kwa silaha za vita, na wenye bunduki za kila upande, juu ya nyama na meno. Na mavi ya kiboko ndiyo yanayolisha ziwa, na ziwa linalisha samaki wa Vitshumbi. Bunduki moja inaweza kula chakula cha watu wengi.

3. RISASI KATIKA MUJI WA MBAO

Sasa turudi kwa papa na mwizi. Risasi ya Kalashnikov inatoka kwa mwendo wa metre 700 hivi kwa sekunde moja. Sauti inaenda metre 340. Maana yake, yule inayempata karibu anapigwa mbele ya kusikia mlio. Nyumba zetu nyingi ni za mbao, zimejengwa juu ya mawe ya Nyiragongo. Risasi inapita ubao kama sindano inavyopita kitambaa, inaingia kwa jirani, hata kwa jirani wa jirani. Ikigonga jiwe inaruka upande usioujua. Na ile inayopigwa juu kwa furaha ya feti haibaki kule mbinguni. Inarudi, na imekwisha kuua watu waliokuwa wamelala.

Tena mwizi anatafuta nini? Simu, franka, na zaidi ya yote silaha. Nyumba inayojulikana kuwa na bunduki imejiwekea kibao cha kumwita. Usiku, kati ya kuamka na kulenga, papa hajui bado nani ni mwizi na nani ni mtoto aliyetoka chooni. Hatusemi kama woga wa wazazi ni wa bure. Tunasema bunduki ya chini ya godoro haiondoi woga, inauhamisha tu. Mahali ambapo majirani walipatana kupiga filimbi na masufuria wote pamoja, watu wengi waliamka kwa mara moja, na hakuna aliyepigwa risasi kupitia ukuta.

4. WENYE KULENGA KWA MCHEZO

Wengi wenu mliona katika simu picha ya Yusuf Dikeç wa Uturuki, mkono mmoja mfukoni, akipata medali ya fedha Paris mwaka 2024. Kulenga shabaha ni mchezo wa Olimpiki tangu Athene mwaka 1896. Yeye alitumia bastola ya hewa, kwa umbali wa metre 10. Watu walisifu mkono ule mfukoni, lakini wenye mchezo huu wanasifu kitu kingine: utaratibu. Silaha haielekezwi kwa mtu hata ikiwa tupu. Kidole hakigusi kifyatulio mbele ya kulenga. Mkubwa wa uwanja akisema «simama», wote wanasimama. Mchezaji wa kweli ndiye mtu anayeogopa bunduki kuliko wote.

5. NA UKIKUTA SILAHA?

Neno hili ni la kila mmoja wetu. Baada ya mapigano ya mwisho wa Januari 2025 silaha, risasi na mabomu viliachwa barabarani na katika viwanja vya Goma. Hata leo ukikuta kitu cha namna hii:

a) Usikiguse, usikipige teke, usikitupie jiwe.
b) Rudi kwa njia ileile uliyokuja nayo.
c) Wazuie wadogo wasikaribie, na uweke alama ya kuonekana kwa mbali.
d) Mwambie mkubwa mara moja: mzazi, mwalimu, mchungaji.
e) Usikiuze kwa wanunuzi wa vyuma, na usijipige nacho picha.

Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, mstari wa 8, Mungu anamwagiza mwenye kujenga nyumba mpya aweke ukingo kuzunguka dari, kwa maana mtu akianguka kutoka pale, damu yake itakuwa juu ya nyumba ile. Hakukataza dari. Alidai mwenyewe ajibu mbele ya ajali kufika. Anayetaka bunduki, awe raia, mwindaji ao askari, ajiulize kwanza: ukingo wangu uko wapi?