Polepole Hadi Tandiko la Meru

Ukisimama mjini Arusha asubuhi isiyo na mawingu, Mlima Meru hukujaa machoni. Wafanyakazi wa mji huo huutazama kila siku waendapo kazini, na wengi wao hustaafu bila kuukanyaga. Hudhani kupanda mlima ni shughuli ya watalii wenye fedha. Dhana hiyo si sahihi. Kiingilio cha raia katika Hifadhi ya Taifa ya Arusha ni kidogo sana kikilinganishwa na cha mgeni, wala si lazima ufike kileleni ndipo safari iwe na maana.

Safari ninayokueleza huishia pale ambapo mgongo wa mlima umebonyea baina ya kilele kikuu na Meru Ndogo, mfano wa tandiko juu ya punda. Wapagazi hupaita Saddle. Pana mabanda ya kulala, mita 3,570 juu ya usawa wa bahari.

Mwendo huanzia lango la Momella, kwenye mita 1,500 hivi. Hutaruhusiwa kwenda peke yako. Utafuatana na askari wa hifadhi mwenye bunduki, na sababu utaiona mapema: nyati hulisha katika mbuga zilizo wazi karibu na njia, na tembo hupita msituni. Kaa na kundi lako wala usipige kelele. Njia ndefu hupita chini ya mti mkubwa wa jamii ya mkuyu, ambao mizizi yake imefanya tao linaloweza kupitisha gari. Mbele yake ni maporomoko ya Maio, maji baridi yakishuka kati ya majani mabichi. Mwenye watoto wadogo, nakushauri uishie hapa na kurudi siku iyo hiyo. Watoto watafurahi, na mbega wenye mikia myeupe watawaona vilevile. Wengine huendelea kati ya mitarakwa na mizeituni-mwitu hadi mabanda ya Miriakamba, mita 2,514, na kulala huko.

Siku ya pili njia husimama wima. Ni ngazi za mbao na udongo, mizizi na utelezi, msitu ukiwa umevikwa ndevu za kuvu-miti zinazoning'inia. Mahali paitwapo Mgongo wa Tembo watu hupumzika na kula. Kadiri upandavyo miti hufupika, na mwishowe hubaki vichaka na upepo.

Sasa nakuomba usome kwa makini. Kwenye Tandiko, kila pumzi ina oksijeni kiasi cha theluthi mbili tu ya ile uipatayo Dar es Salaam. Mwili huweza kuzoea, lakini huhitaji muda. Madaktari hushauri kwamba ukisha kupita mita 3,000, usipandishe mahali pako pa kulala kwa zaidi ya mita 500 kwa siku. Kutoka Miriakamba hadi kwenye Tandiko ni zaidi ya mita 1,000! Watu huidharau Meru kwa kuwa Kilimanjaro ni ndefu zaidi, wakasahau hesabu hiyo. Wala ujana haukingi. Mcheza mpira hodari aweza kuanguka huku mama wa makamo akipita taratibu.

Dalili za kwanza ni kichwa kuuma, kichefuchefu, kukosa hamu ya kula na usingizi. Ukiziona, usipande tena hata hatua moja hadi zipone, zisipopona, shuka. Mtu akianza kuyumba kama mlevi, kuongea maneno yasiyoeleweka, au kuhema akiwa ameketi, ateremshwe mara moja, hata kama ni usiku wa manane. Kungoja kupambazuke kumewahi kuua watu katika milima mingi. Mwenye likizo ya kutosha alale Miriakamba siku mbili. Fedha ya usiku huo wa ziada naiona kuwa ndiyo iliyotumika vizuri kuliko zote.

Baridi nayo ni kali, kwani joto hupungua nyuzi sita hivi kila upandapo mita 1,000. Sweta nzito, koti la mvua na kofia ya sufu hupatikana kwenye mitumba. Viatu viwe ulivyokwisha kuvizoea. Epuka masika, Machi hadi Mei, njia inapogeuka tope.

Ukiamka salama, tembea saa moja hivi hadi Meru Ndogo, mita 3,820. Kwa upande mmoja Kilimanjaro huelea juu ya mawingu. Kwa upande mwingine ni kuta za kreta iliyobomoka upande wa mashariki maelfu ya miaka iliyopita, na ndani yake kichuguu cha majivu, kwani volkano hii ilitoa moshi na majivu mara ya mwisho mwaka 1910 na haijahesabiwa kuwa imekufa. Kisha kata fimbo ya kuegemea, la, usikate: miti ya hifadhi hailimwi wala haikatwi. Njoo na fimbo yako kutoka nyumbani, maana katika kuteremka magoti ndiyo hulipa.