Mkwaruzo wa Gari Usiwanunishe!

Mnatoka Karatu, mnapita geti la Lodoare, mnaingia Ngorongoro kula raha. Kurudi, mlango una mikwaruzo ya miiba, na mmenuniana! Nimewaona wengi.

Jamani, pitisha ukucha kwanza. Usiponasa, kilichoguswa ni klia ya juu tu, kazi ya nyumbani hiyo. Ila lile vumbi jekundu usilifute kwa kitambaa kikavu, litaongeza mikwaruzo. Mwagia maji mengi, osha, kausha. Kivulini, bodi ikishapoa, paka kidogo polishi ya kuondoa mikwaruzo kwenye kitambaa laini, sugua taratibu, futa. Dawa ya meno mimi siiafiki.

Ukucha ukinasa? Mpelekeeni fundi wa rangi. Nani alipe, mkaongelee chumbani.