Beseni moja la kunawia

Sisi Waislamu tunajihesabu kuwa watu wa tohara, na ni haki yetu. Hata hivyo, baada ya hitma moja iliyofanyika mtaani kwetu, watoto kadhaa waliamka usiku wakiharisha na kutapika, na mmoja wao alilazwa siku mbili akitiwa maji kwa dripu. Kamati ya msikiti ilipokaa, kila mtu aliilaumu nyama. Hatuna ushahidi wa maabara, lakini tulipokumbushana yaliyopita siku ile, mawili yalitutia haya: beseni moja la kunawia lililozungushwa kwa watu wote, na ndoo ya maji ya kunywa iliyochotwa kwa kikombe kile kile kilichotiwa midomoni.

Wazee wetu walitumia birika. Maji yakimiminwa, kila mkono hupata maji yake na uchafu huenda zake. Katika beseni, mtu wa kumi hunawa uchafu wa tisa waliomtangulia, kisha anaingiza mkono huo katika sinia la pilau. Wala udhu wa adhuhuri hautoshi kwa chakula cha saa nane. Mama akishamtawaza mtoto, au yeyote akitoka msalani, hana budi kunawa kwa sabuni, kwani maji matupu hayaondoi kila kinachonata kwenye ngozi.

Mtume (s.a.w.) alimkataza aamkaye usingizini kuingiza mkono wake chomboni kabla ya kuuosha mara tatu, na aliagiza vyombo vifunikwe usiku. Tunayajua haya tangu chuoni. Lakini ni nyumba ngapi ambamo maji huchemshwa vizuri, yakatokota dakika nzima, kisha yakamiminwa katika ndoo isiyo na kifuniko? Maji yaliyochemshwa hayana kinga dhidi ya mkono mchafu. Yapoe ndani ya sufuria ile ile iliyofunikwa, yahifadhiwe katika chombo chenye bomba au chenye mdomo mwembamba.

Kiporo nacho kina hadaa yake. Wali ukilala jikoni hadi asubuhi, vijidudu huweza kutoa sumu ambayo kuupasha moto hakuimalizi. Asiye na jokofu apike kiasi cha kuliwa.

Liko kosa jingine linalotuumiza zaidi, nalo hutokana na huruma: kumnyima maji mtoto anayeharisha ili “tumbo likauke”. Kinachomwua mtoto ni kukaukiwa maji mwilini. Aendelee kunyonya na kula, anyweshwe kidogo kidogo maji yaliyochanganywa na pakiti ya chumvichumvi kama ilivyoelekezwa. Pakiti ikikosekana, lita 1 ya maji salama itiwe sukari vijiko vya chai 6 na chumvi nusu kijiko, vyote vya kusawazishwa, chumvi isizidi hapo. Apelekwe kituo cha afya akapewe na vidonge vya zinki. Akiwa na damu katika choo, macho yaliyozama, au akilegea na kushindwa kunywa, asisubiriwe hadi kesho.

Kamati imenunua birika mbili na ndoo mbili zenye bomba. Mwenye shughuli aje kuziazima kwa katibu baada ya alasiri, bila malipo. Sabuni atanunua mwenyewe. Lile beseni sasa linaoshea masufuria.