"Dawa ya Mazutu": Neno na Jambo Lenyewe

Makala haya mafupi yahusu jina linalopotosha. Umeme wa Ruzizi ukatikapo, Bukavu huwasha jenereta, nazo hutumia mazutu, yaani dizeli kwa wenzetu wa pwani. Fundi huenda akamshauri mwenye jenereta anunue "dawa ya mazutu", kichupa cha kutia katika tangi ili asidi isile chuma. Je, ni dawa kweli?

Mazutu yana kiberiti ndani yake. Msomaji asishangae: katika Kiarabu, lilikotoka, neno hili hutaja elementi yenyewe, ambayo vitabu vya shule huiita salfa. Salfa ikiungua hugeuka dioksidi ya salfa. Asilimia chache tu za gesi hiyo hupata oksijeni zaidi zikawa trioksidi, na trioksidi ikikutana na mvuke wa maji huzaa asidi ya salfuriki. Ikiwa bado mvuke, asidi hii hupita na moshi. Chuma kikipoa chini ya digrii 120 hadi 150 hivi za Selsiasi, hugeuka matone na kuanza kukila. Ndiyo maana jenereta iwashwayo kwa dakika chache, au ibebayo balbu tatu tu, yaweza kuliwa upesi kuliko ile ifanyayo kazi nzito mchana kutwa.

Matanuri makubwa yachomayo mafuta mazito huongezewa misombo ya magnesiamu. Mafuta hayo yana vanadiamu, ambayo huharakisha kuzaliwa kwa trioksidi. Magnesiamu huifunga, tena hugeuza sehemu ya asidi kuwa chumvi. Mazutu ya jenereta karibu hayana vanadiamu, basi hoja hiyo haituhusu sana. Kinga yetu imo katika oili ya injini: misombo ya kalsiamu iliyomo humaliza ukali wa asidi, nayo hupungua siku kwa siku. Asiyebadilisha oili asiilaumu mazutu peke yake.

Hata pale kiongezi kifanyapo kazi, salfa haikuondoka. Dioksidi hutoka bombani ikaingia mapafuni mwa jirani. Salfa huondolewa mafuta yanaposafishwa kiwandani. Kenya, Uganda, Tanzania, Rwanda na Burundi zilikubaliana kikomo cha sehemu 50 kwa milioni kuanzia Januari 2015. Kongo iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022 tu.

Kwa hiyo napendekeza tuseme "kizuia asidi", jina litajalo kazi yake bila kuahidi uponyaji, ingawa mafundi wa Kadutu, nachelea, hawatatusikiliza.