Kariakoo ndani ya fremu: Picha ya kuchekesha, biashara ya kutaka umakini

NAMANGA. Mteja akiingia katika duka hili kununua kanga, macho yake hutangulia ukutani. Pale, nyuma ya kioo, kuna Soko la Kariakoo la jijini Dar es Salaam, lakini limechorwa kikatuni. Mpagazi ana kichwa kidogo kama ndimu na mzigo mara nne ya kimo chake. Muuza mitumba ana mdomo mpana kuliko kapu lake. Bajaji imepakia abiria, godoro na mbuzi, huku trafiki akipuliza filimbi hadi mashavu yamekuwa maputo.

"Huyu ni mimi kabisa!" alisema mama mmoja siku tulipofika, akimnyooshea kidole mwanamke mwenye mikoba mitano anayekimbilia basi. Duka zima likacheka.

Mwenye duka, mwanamke anayefanya biashara kati ya Dar es Salaam na upande wa Kenya wa mpaka huu, anasema alianza na picha moja ya kupamba ukuta. Wateja walipoanza kuuliza bei, akaona kuna soko.

Si ajabu. Anayenunua mzigo Kariakoo, awe ametoka Bujumbura, Lubumbashi au Lusaka, anazijua purukushani zile. Katuni hukuza watu, lakini jengo lenyewe halihitaji kukuzwa. Mapaa yake ya zege, yaliyo kama miamvuli iliyopinduliwa ili kukinga maji ya mvua, yalibuniwa na Beda Amuli, msanifu majengo Mtanzania, katika miaka ya 1970. Jina Kariakoo nalo limetokana na "Carrier Corps", kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Kwa hiyo mpagazi aliye katikati ya picha yupo mahali pake.

Kwa wengine picha hii si kicheko tu. Usiku wa Julai 10, 2021, moto uliunguza soko kuu na wafanyabiashara wakapoteza mali. Mchoro huu unaonyesha soko lilivyokuwa kabla ya moto ule. "Kuna mzee alisimama hapo akanionyesha kibanda chake kilipokuwa," anasema mwenye duka. "Hakununua. Alitazama tu, akaondoka."

Safari yake ya kwanza ya kibiashara ilimfunza kwa hasara. Alibeba picha kumi zilizokwisha kutiwa fremu, zikawekwa chini kwenye buti la basi. Alipofungua mzigo, vioo vinne vilikuwa vimevunjika na vipande vimechana karatasi.

Siku hizi hubeba karatasi tupu, zimeviringishwa ndani ya bomba gumu, na fremu humtengenezea fundi seremala wa hapa. Mzigo umekuwa mwepesi na fundi wa jirani amepata kazi. Humtaka fundi aweke ukingo wa kadibodi kati ya picha na kioo, maana karatasi ikigusa kioo wakati wa unyevu hunata na kuharibika. Wateja nao huwaonya wasitundike picha panapopigwa na jua, rangi isipauke.

Forodhani, swali la kwanza ni hili: picha imechorwa kwa mkono au imechapishwa kwa mashine? Mchoro wa mkono uko katika kifungu cha 9701 cha orodha ya ushuru, pamoja na kazi za sanaa. Nakala iliyochapishwa kwa mashine iko katika 4911, pamoja na machapisho mengine. Ukitangaza kimoja badala ya kingine unajitafutia usumbufu. Risiti inayoeleza wazi aina ya picha huokoa muda.

Kwa mzigo mdogo, nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zina utaratibu rahisi wa biashara. Bidhaa iliyozalishwa ndani ya Jumuiya, iliyo kwenye orodha iliyokubaliwa na yenye thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani, inaweza kupita kwa cheti rahisi cha asili ya bidhaa kinachotolewa mpakani. Cheti hicho huondoa ushuru wa forodha, lakini hakifuti kodi nyingine za ndani, kama ile ya ongezeko la thamani. Ni vyema kumuuliza ofisa kabla ya kununua mzigo, si baada ya kuufikisha kwenye geti.

Lakini jambo lililokaribia kuizima biashara hii halikutoka forodhani. Mtu aliipiga picha ile kwa simu, akaichapisha na kuiuza kwa bei ya chini. Nakala zilikuwa na ukungu, nyuso hazionekani vizuri, ila wanunuzi wengi walitazama bei. Mchoraji alipopata habari, alimshuku mwenye duka na kusitisha kumpa mzigo kwa miezi mitatu.

"Nilipanda basi hadi Dar nikamweleza ana kwa ana," anasema. "Akaniambia, 'Dada, ulinunua karatasi, hukununua mkono wangu.'"

Sheria iko upande wa mchoraji. Tanzania na Kenya zote humlinda mwenye kazi ya sanaa maisha yake yote, na miaka 50 baada ya kufa kwake. Kununua picha hakumpi mtu ruhusa ya kuitoa nakala. Anayetaka kuzichapisha aandikiane mkataba na mchoraji: nakala ngapi, ziuzwe wapi, na mchoraji apate nini kwa kila moja.

Wawili hao sasa wameandikiana. Kila nakala ina saini ya mchoraji kwa penseli na namba yake, na mteja huonyeshwa vyote viwili kabla hajalipa.

Picha ya ukutani yenyewe haiuzwi. Mama mwenye mikoba mitano aliuliza bei yake mara mbili, kisha akaagiza nakala. Akaomba fremu yake iwe nyeusi.